Hii ni Rangi ya Nini? Kisa cha Matakia 40 Yaliyorudi Mkunazini

Matakia 40 yalirudi siku ya Jumatatu asubuhi, ndani ya viroba vile vile tulivyoyapelekea. Nyuma yake vikaja vikeka 60 vya kuwekea sahani na makawa 25 ya kufunikia chakula. Kijana aliyevileta kwa mkokoteni hakuwa na la kusema. Mwenye maneno alikuja mwenyewe alasiri, akaketi barazani, akanywa kahawa, kisha akaniambia kwa upole: "Mwanangu, kazi nzuri. Mishono imenyooka. Lakini nikiviweka hivi vyumbani, mgeni atajua tu kwamba amefika penye bahari. Hatajua amefika wapi."

Mama huyu ana nyumba ya wageni yenye vyumba 12 humu humu Mji Mkongwe, Unguja. Mwezi wa Januari alikuwa ametupa nusu ya fedha na agizo lenye sentensi moja: anataka vitu vya nyumbani na vya zawadi vyenye rangi za mji huu. Agizo lenyewe lilikuwa wazi, na aliyeshindwa kulisoma ni mimi. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu wenzangu wanaotengeneza vitu kwa jina la mji wao, wa Lamu, wa Mombasa, wa Bagamoyo, huniuliza tulikosea wapi, na kila nikijibu kwa ufupi naona nimewapa jibu la uongo.

Tuko wanne kwenye karakana yetu. Shangazi yangu husuka ukili, ule mkanda wa majani makavu unaoshonwa kuwa mkeka, na amesuka tangu hajavunja ungo, huko Makunduchi alikozaliwa. Binti zake wawili hushona mikeka na makawa. Mimi nina cherehani, na mimi ndiye ninayeongea na wateja, ninayechagua vitambaa na kushika daftari. Kwa hiyo rangi za mwanzo nilizichagua mimi.

Jinsi nilivyochagua

Nilitoka na simu saa sita mchana, kaskazi inavuma, anga haina hata wingu. Nikapiga picha Forodhani, nikapiga Shangani, nikapanda juu ya paa la rafiki nikapiga mapaa, nikakaa huko mpaka jua likazama. Usiku nikazitazama zile picha nikaokota rangi nne zilizong'aa zaidi: feruzi ya bahari, buluu ya mbingu, nyeupe ya kuta na rangi ya chungwa ya jua likizama. Darajani nikanunua rangi za unga na kitambaa cha pamba kilichopaushwa. Shangazi alipoona makopo aliuliza swali moja, na mimi sikulisikia vizuri siku ile. Aliuliza: "Hii ni rangi ya nini?"

Nikamwambia ni feruzi.

"Feruzi ni jiwe la pete," akasema. "Mji huu una feruzi wapi?"

Nilicheka, tukaendelea na kazi. Wiki ya pili ndipo kosa la kwanza lilipojitokeza, na hilo lilikuwa la ufundi kabisa. Rangi ya unga haifuniki kama rangi ya mafuta. Inapenya ndani ya kitu, na kilicho chini yake kinaendelea kuonekana. Pamba iliyopaushwa haina chake, kwa hiyo ilitoa feruzi ile ile ya kwenye kopo. Lakini chane za miyaa, yale majani yanayosukwa ukili, hata uzianike juani mpaka zikauke kabisa, hubaki na umanjano wake. Buluu juu ya umanjano ni kijani. Sufuria moja, maji yale yale, dakika zile zile, tukatoa takia la feruzi na kawa la kijani kilichofifia. Ukiviweka juu ya meza moja vinagombana. Nikaongeza rangi kwenye maji ya ukili mara mbili, mara tatu, ili nilazimishe kijani kirudi kuwa feruzi. Matokeo yake yakawa rangi nzito ya plastiki, ya ndoo na mabeseni.

Kosa la pili lilikuwa la saa. Saa sita mchana katika mwezi wa kaskazi kila ukuta wa pwani ni mweupe, uwe wa Unguja, wa Kilwa au wa nyumba ya saruji iliyojengwa mwaka jana. Jua la saa ile hula rangi. Nilikuwa nimepiga picha ya jua nikadhani nimepiga picha ya mji.

La tatu ndilo alilolisema mama wa nyumba ya wageni. Rangi nne zote, nilipozipanga upya kwa akili iliyotulia, zilikuwa za vitu vilivyouzunguka mji: bahari, mbingu, jua. Hakuna hata moja iliyotoka kwenye mji wenyewe. Hata ile nyeupe haikuwa ya ukuta.

Sitaki nieleweke kwamba feruzi ni rangi mbaya. Zile foronya tulizivua, sufi tukaibakiza kwa ajili ya matakia mapya, na foronya zenyewe nikaziuza kwa bei ya kitambaa kwa mwenye duka la ufukweni Nungwi. Niliziona mwezi uliofuata zimetandikwa kwenye viti vya nje, bahari iko nyuma yake, na zilipendeza kweli. Zilikuwa zimefika kwao.

Matembezi ya masika

Mama alitupa muda mpaka Juni, kabla wageni hawajaanza kujaa. Shangazi akakataa tusiguse sufuria mpaka tutoke naye tukatazame. Mvua za masika zilikuwa zinaendelea. Tulitoka asubuhi tatu, saa kumi na mbili na nusu, mvua imetoka kupiga, na jioni mbili baada ya alasiri. Njia yetu ilikuwa Mkunazini, Hamamni, Sokomuhogo, kisha Hurumzi, Kiponda mpaka Malindi. Sharti lake lilikuwa moja tu: sitataja rangi yoyote mpaka niseme ni rangi ya nini.

Sharti hilo limo ndani ya lugha yetu, ila nilikuwa sijawahi kulitazama. Kiswahili kina rangi tatu tu zinazotembea na ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema kitambaa cheupe, nyumba nyeusi, milango myekundu. Zilizobaki karibu zote tumeziokota kwenye vitu. Kijani kimetoka kwenye majani, kijivu kwenye majivu, kahawia kwenye kahawa. Manjano ni kile kiungo cha jikoni, zambarau ni lile tunda. Na ukitazama kisutu, kanga ya bibi harusi, utakuta zimo zile zile tatu za asili, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo mtu wa pwani anapokuuliza hii ni rangi ya nini, hakuulizi jina la dukani. Anataka umwoneshe kitu.

Na vitu vilikuwepo. Ukuta uliolowa Sokomuhogo Shangazi aliuita maji ya kunde, neno ambalo siku zote nimelisikia kwa ngozi ya mtu. Nilimwambia hivyo. Akasema ukuta nao una ngozi, na huu ni maji ya kunde. Mabaraza ya saruji nyekundu yaliyosuguliwa na makalio ya watu kwa miaka, yenye mng'ao ukingoni na giza pembeni, aliyaita damu ya mzee. Sehemu zilizoota kuvu jeusi chini ya michirizi ya mvua ni majivu. Madirisha ya mbao yaliyopakwa kijani zamani na jua likakila mpaka kikapungua nguvu, akasema ni kijani cha tambuu, lile jani la kutafuna, na akaongeza: tambuu iliyolala, si ya leo asubuhi. Milango ya Kiponda, ile yenye vumbi ndani ya nakshi, ni rangi ya ugoro. Mapaa ya bati ni kutu.

Tulianzia mtaani kwetu Mkunazini, penye kanisa lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Pale hatukuchukua rangi. Tulipita kimya. Kutengeneza takia la zawadi kwa rangi ya mahali pale ni jambo ambalo mimi na Shangazi hatukuhitaji kulijadili, na nawaomba wanaofanya kazi kama yetu walipime jambo hili wanapozungumzia tabia ya mji. Mji una mambo ya kuwekwa mezani na una mambo ya kusimamiwa kwa heshima.

Kwa nini kuta ziko hivi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi yetu ilipobadilika.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikiliwa na udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Chokaa yenyewe ni mawe hayo hayo ya matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu, yakalowekwa, yakawa uji. Ukiipaka ukutani inavuta hewa taratibu na kurudi kuwa jiwe. Sehemu ya Beit al Ajaib, jengo alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, wengi wetu tuliuona ukuta kwa ndani kwa mara ya kwanza: mawe yenye matundu, chokaa na udongo, juu mpaka chini. Weupe wake si ule wa karatasi. Una ukungu wa maziwa.

Sasa mtu akitaka ukuta wa rangi, zamani alitia rangi ndani ya chokaa: udongo mwekundu, udongo wa njano, au buluu ya kufulia. Lakini chokaa haipokei kila kitu. Rangi nyingi haziwezi ukali wake, zinakufa. Na zile inazozikubali, ukizidisha kipimo, chokaa inashindwa kushika. Inatoka vumbi, ukiegemea inakupaka mgongoni. Ndiyo maana kuta za zamani zina rangi zilizopoa. Waliopaka hawakuwa wakiogopa rangi kali. Walikuwa wametia kadiri chokaa ilivyokubali, na hapo ndipo mwisho wake. Kisha mvua huja, ukuta hunywa maji, rangi huiva kwa siku mbili tatu. Jua hurudi, ukuta hupumua, rangi hupauka tena. Rangi za dukani za siku hizi, zile za plastiki, zinaweza kuwa kali unavyotaka, lakini zinaziba ukuta. Unyevu na chumvi vilivyomo ndani ya matumbawe vinakosa pa kutokea, na baada ya misimu michache utaona rangi imevimba malengelenge na lipu inabanduka. Mji wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na hili la chokaa na saruji ni miongoni mwa mambo ambayo mafundi wa ukarabati wanalipigania kila siku.

Nilipolielewa hilo niliona kosa langu la sufuria kwa jicho jingine. Nilikuwa nimelazimisha ukili ukubali feruzi. Waliopaka nyumba hizi waliuliza kwanza chokaa inakubali nini. Sisi tulipaswa kuuliza ukili unakubali nini, na pamba inakubali nini, kila kimoja peke yake.

Sufuria ya pili

Tulianza na kitambaa. Badala ya pamba iliyopaushwa nikanunua marekani, ile pamba mbichi isiyopaushwa. Jina lake ni la kweli: karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta hapa kwa wingi, Marekani ikafungua ubalozi wake mdogo Unguja mwaka 1837, na kitambaa kikabaki na jina la kwao. Marekani haikuhitaji kutiwa rangi yoyote. Tuliiegemeza kwenye ukuta uliochubuka wa uani kwetu, na rangi zikakutana. Hiyo ikawa Chokaa.

Kwa rangi nyingine Shangazi alitaka kurudi kwenye dawa za zamani. Tulijaribu manjano, mzingefuri wenye zile mbegu nyekundu za kutia rangi, na magome ya mkoko. Magome tuliyapata kwa muuza boriti, yale maganda anayoyabandua na kuyatupa. Hatukumtuma mtu kukata mti, na hilo tuliliweka wazi tangu mwanzo kwa sababu mikoko yetu imeshakatwa vya kutosha. Vitambaa na chane za majaribio tukaviweka juu ya paa siku 21, nusu imefunikwa kwa ubao, nusu iko juani. Manjano yalikufa. Upande wa juani ulibaki na kivuli tu cha njano, na mzingefuri nao ulififia vibaya. Roho iliniuma, kwa sababu manjano yalikuwa yametoka mazuri kuliko vyote siku ya kwanza. Mkoko haukutetereka, tena ulizidi kukolea kidogo.

Basi tukabaki na chungu kimoja cha mkoko, na chungu hicho kikatupa karibu kila kitu. Magome yanapondwa, yanalowekwa usiku kucha, yanachemshwa asubuhi kwa muda wa saa tatu hivi mfululizo, kisha yanachujwa. Marekani ikichovywa mara moja na kutolewa inakuwa maji ya kunde. Ikirudishwa mara tatu, ikikaushwa kivulini kila mara, kisha ikapitishwa kwenye maji ya chokaa yaliyotulia, wekundu unazama na kuwa damu ya mzee. Siku tuliyotia maji ya chokaa Shangazi alinyamaza kwa muda mrefu akikitazama kitambaa. Mimi nilikuwa nahangaika na daftari la gharama, lakini naye nilimwelewa. Chokaa ile ile ya ukutani ilikuwa imeingia ndani ya takia.

Majivu yalihitaji chuma. Tulitia misumari yenye kutu kwenye maji ya mkoko, na kitambaa kikabadilika mbele ya macho yetu, kikawa kijivu, kisha cheusi cha moshi. Hapa ninatoa tahadhari kwa watakaojaribu: chuma kinakula nyuzi. Kitambaa kilichokaa humo usiku kucha kilichanika kwa vidole baada ya kufuliwa mara chache. Tukapunguza muda, tukasuuza kwa maji mengi, na tukaamua majivu yasiwe mwili wa takia. Yawe pembeni tu.

Uamuzi huo ndio uliotupa muundo, nao tuliukuta kwenye kanga. Kanga ina pindo kuzunguka, ina jina, na ile sehemu ya katikati inaitwa mji. Nimevaa kanga maisha yangu yote na sikuwahi kusimama kwenye neno hilo. Tukashona matakia yenye mji wa Chokaa au Maji ya Kunde, na pindo la Damu ya Mzee au Majivu. Upana wa pindo ni vidole vinne vya Shangazi.

Ukabaki ukili. Mkoko ulikubali vizuri, ukatoa wekundu wa kahawia. Ila tulitaka kijani cha tambuu, na magome hayawezi kukitoa. Nilikwenda kwenye kona tulikotupia mabaki ya mwezi wa Januari, nikachomoa chane za jaribio la kwanza kabisa, kabla sijaanza kuongeza rangi kwa nguvu. Zilikuwa buluu kidogo juu ya umanjano wa miyaa. Tuliondoka nazo mpaka kwenye madirisha ya Hurumzi tukazishika juu yake. Ndizo. Kwa hiyo kijani chetu kinatoka kwenye kopo la dukani, robo ya kipimo nilichotumia mwanzo, na kipo kwenye ukili tu. Pamba hatukuipa. Wapo watakaosema tulipaswa kubaki na dawa za asili peke yake. Mimi nadhani madirisha yenyewe yalipakwa rangi ya dukani, na hatukuwa na sababu ya kujifanya vingine.

Yaliyotokea

Tulipeleka mzigo wiki ya pili ya Juni. Idadi ilipungua: matakia 30, vikeka 48, makawa 20, pamoja na pakiti 30 za zawadi, kila moja ikiwa na vikeka viwili na kitambaa kidogo cha mkono. Bei ilipanda kutoka shilingi 18,000 kwa takia hadi 27,000, kwa sababu damu ya mzee inachukua siku nne na inakunywa kuni. Mama hakupinga bei. Alipinga jambo moja, na alikuwa na haki: matakia yenye pindo la Majivu alisema yanaonekana kama yamechafuka. Tukayabadilisha pindo sita. Kuvu la ukutani linapendeza likiwa ukutani.

Kila kitu kilikuwa na kibandiko cha kitambaa chenye neno moja au mawili: Chokaa. Maji ya Kunde. Damu ya Mzee. Tambuu. Hatukuandika maelezo, kwani kanga nayo haielezi jina lake. Wafanyakazi wa mapokezi ndio walioanza kutuletea habari. Mgeni anauliza damu ya mzee ni nini, kijana wa mapokezi anatoka naye mpaka nje, anamwonesha baraza. Wengine walirudi jioni kununua baada ya kuikuta rangi hiyo wenyewe mtaani.

Kufikia Septemba pakiti zote 30 zilikwisha, na makawa yalitangulia kwisha. Sitasema ni rangi peke yake zilizoyauza. Ilikuwa miezi ya wageni wengi, kawa ni kitu ambacho mgeni hakioni kwingine, na lile neno kwenye kibandiko liliwapa watu la kuzungumza. Ninachoweza kukisimamia ni hiki: mzigo wa kwanza na wa pili ulishonwa na mikono ile ile, kwa cherehani ile ile, kwa ajili ya mteja yule yule. Kilichobadilika ni rangi na namna tulivyozipata, na kidogo muundo.

Kuna jambo sikulitarajia. Walianza kuja watu wa hapa hapa. Kwenye hesabu zangu za Januari sikuwa nimemwandika mnunuzi wa Unguja hata mmoja. Nilidhani zawadi za mji ni za mgeni. Akaja mwanamke anayeishi Maskati, mzaliwa wa Malindi, amekuja kwenye msiba. Alichukua matakia mawili ya Maji ya Kunde, akayaweka mapajani barazani kwetu, na aliyoyazungumza yote yalikuwa juu ya ukumbi wa nyumba ya mama yake. Mwingine alitaka kawa la Tambuu la kupeleka chakula cha harusi. Mzee mmoja aligusa pindo la damu ya mzee, akasema hajalisikia jina hilo siku nyingi, na hakununua kitu, na nilifurahi vile vile.

Malalamiko yalikuwepo. Foronya mbili zilifuliwa kwa dawa ya kupaushia zikatoka mabaka. Sasa tunashona maelezo ya kufua upande wa ndani, maji baridi na sabuni ya kipande, kwisha.

Tatizo lililo mbele yetu ni magome. Muuza boriti haleti tena mzigo kama zamani, na hatutaki kumpa sababu ya kuutafuta. Mwezi huu tumeanza kujaribu makumbi ya nazi, ambayo hapa kwetu hayaishi. Tumeyapondaponda na kuyachemsha kwa njia ile ile ya mkoko. Jana chungu cha kwanza kimetoa kahawia kavu isiyo na wekundu wowote, nami nikasema tumeshindwa. Shangazi alikikamua kitambaa, akakikung'uta, akakiinua kwenye mwanga wa mlangoni. "Huu ugoro," akasema. Kisha akajitanda kanga yake akatoka nacho kikiwa bado kimelowa, kwenda kukilinganisha na milango ya Kiponda kabla jua halijapanda.